Kiwiko Changu na Karatasi ya Uzima

Karatasi ilisema mimi ni mzima. Nilisimama nje ya kituo cha afya, mvua yetu ya Tukuyu ikinyesha bila kumuuliza mtu, nikaisoma mara tatu. "Amepimwa kiwiko cha kulia. Hana maumivu makubwa. Anafaa kuendelea na kazi yake." Mhuri upo, sahihi ya daktari ipo. Nikataka kuikunja niitie kifuani isilowe, na kwa kule kuikunja tu maumivu yakanishika kuanzia kiwikoni mpaka kwenye vidole, karatasi ikaniponyoka ikaangukia tope. Hee! Mzima gani huyu asiyeweza kukunja karatasi?

Niseme mapema, ili mtu asije akanionea huruma mahali pasipohitajika: karatasi ile nilisaidia kuiandika mwenyewe. Kalamu alishika daktari, lakini maneno nilimpa mimi. Ndiyo maana hasira yangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na kawaida yangu wanaijua watu wote wa mtaani kwetu Ibighi. Mimi ni mtu wa mdomo. Muuza nyanya akiniwekea iliyooza chini ya nzima, atanisikia yeye na jirani yake.

Nimechuma chai tangu kabla sijaolewa. Zamani tulichuma kwa vidole, majani mawili na chipukizi lake, unatupa kapuni mgongoni bila hata kutazama. Baadaye ikaja mikasi. Mkasi wa kuchumia si huu wa fundi cherehani. Ni mkubwa, una kikingio ubavuni cha kupokea majani, na kutwa nzima unaufungua na kuufunga mikono ikiwa imenyooka mbele, juu ya kichaka kilicholowa. Kilo zilipanda, wenye shamba wakafurahi, na sisi tukafurahi, nisiseme uongo. Viwiko havikuulizwa.

Changu kilianza na maumivu madogo upande wa nje, pale penye kifupa kinachojitokeza. Nikapaka dawa ya kuchua. Baada ya miezi miwili nikawa siwezi kuinua birika la chai. Kukamua nguo ikawa shida, kufungua mfuniko wa chupa shida, hata kusonga ugali nikawa nashika mwiko kwa mikono miwili kama mtoto anayefundishwa. Wifi yangu ninayeishi naye, dada wa marehemu mume wangu, anauza ndizi Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu. Alikuwa akirudi jioni anakuta sijapika, ananitazama kwa jicho moja.

"Wifi, sema tu kwamba umechoka kunipikia," ananiambia. "Mambo ya kiwiko yametoka wapi?"

Alikuwa ananitania, na mawifi ndiyo kazi yetu. Lakini kwenye shamba hapakuwa na utani. Nyapara wetu, kijana aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nina kapu mgongoni, alisimama mwanzo wa mstari akasema kwa sauti, wachumaji wote wakisikia, "Mama, wewe siku hizi unatega."

Kutega! Miaka yote ile ya mvua na utelezi, nimechuma nikiwa na mimba, nimechuma siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, halafu mtu aniite mtegaji. Nilimkata jicho ambalo naamini analikumbuka mpaka leo. Nikamwambia mkono wangu unaumwa na nataka kazi ya kitaluni, kule wanakojaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Kulikuwa na nafasi moja, maana mwenzetu mmoja alikuwa ameacha kazi akalee wajukuu.

"Sawa," akasema. "Leta karatasi ya daktari wa shamba. Ikisema unaumwa, utakwenda kitaluni. Ikisema ni mzima, utachuma kama wenzako. Na usipofikisha kilo wiki mbili mfululizo, jina lako linatoka."

Basi nikaenda. Na hapa ndipo nilipojimaliza.

Daktari ambaye shamba linamtambua ni mzee wa rika la baba yangu. Ndiye aliyemtibu mume wangu hadi siku yake ya mwisho, na siku hiyo alikuja mwenyewe nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Mtu kama yule huingii kwake hivi hivi. Niliingia nimeinama, nikapiga goti kidogo, nikampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika chini ya kiwiko, kama tulivyolelewa. Kusema kweli miezi ile nilikuwa nasalimia watu wote namna hiyo, hata watoto wa shule, kwa sababu bila kukishika kiwiko kilikuwa kinaniuma. Watu wakanisifu kwa adabu. Hakuna aliyeniuliza.

"Ugonile, mwanangu," akasema. Umelalaje.

"Ndaga, tata," nikajibu. Asante, baba.

Akaniambia ninyooshe mkono, nikanyoosha. Nikunje, nikakunja. Akasema mfupa haujavunjika, maana wenye kuvunjika kiwiko hawanyooshi hivyo. Akabonyeza kwa kidole gumba palepale kwenye kile kifupa. Niliona nyota.

"Hapa panauma?"

"Kidogo tu, tata."

Kidogo! Ulimi wangu ulikwenda wenyewe. Kwetu mtu mzima hamlilii mkubwa wake. Akikuuliza habari za njaa unamwambia tunashukuru, akikuuliza habari za msiba unamwambia tumepoa. Halafu akaniambia nifunge ngumi, niinue ngumi kutoka kwenye kifundo cha mkono, yeye atausukuma chini na mimi nizuie. "Zuia, nisikushinde," akasema. Akaweka kiganja chake juu ya ngumi yangu akasukuma.

Nikampisha. Sikufikiria hata kidogo. Mkono unaompa mkubwa unaulegeza, hukazi, hushindani naye. Akikuvuta unakuja, akikusukuma unakwenda. Nimefundishwa hivyo kabla sijajua kufunga kamba ya kiatu. Ngumi yangu ikashuka taratibu chini ya kiganja chake, na kwa kuwa sikukaza msuli wowote, haikuuma hata chembe.

"Imeuma?"

"Hapana, tata."

Hapo nilisema kweli, na ndio ubaya wake. Akaandika alichoandika, akanipa pole ya kazi, nikamshukuru, nikatoka kinyumenyume. Mpaka nilipoisoma nje ndipo akili ikanirudia, na hapo benchi lilikuwa limejaa wagonjwa na mlango umekwisha kuingiwa na mwingine.

Nyapara aliipokea karatasi yenye tope, akaisoma polepole kama anasoma barua ya mchumba. "Si nilisema?" akawaambia watu. Nikarudi kwenye mstari. Wiki ile ya kwanza sikufikisha kilo. Siku ya Ijumaa mkasi uliniponyoka ukanikosa mguu kidogo tu, na yule kijana akacheka. Nilimwambia, "Cheka vizuri, baba. Nikitoka hapa nitatoka kwa miguu yangu, sitoki kwa jina la mtegaji." Sikujua nitafanyaje, lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele za watu na maneno yangu huwa siyarudishi.

Wifi ndiye aliyeniambia. Mteja wake mmoja alikuwa ameumia bega akapelekwa kwa binti mmoja pale hospitalini, mtu wa mazoezi ya viungo, amepangiwa kazi huku kutoka Tanga. "Nenda akakuchezeshe," wifi akasema. "Labda utarudi unasonga ugali."

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda. Binti mwenyewe nilimkuta amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado anapuliza vidole. Mfupi, mwembamba, ana umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanikalisha. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akataka nimwonyeshe jinsi ninavyoshika mkasi, nikamwonyesha hewani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Akabonyeza kifupa, nikasema kidogo tu. Akaniambia nifunge ngumi, nizuie. Akasukuma, mkono wangu ukashuka wenyewe kwa mazoea. Akasimama akanitazama.

"Mama, mbona unanipisha?"

"Nimekupisha?"

"Umenipisha. Mkono huu unavuna chai kutwa, halafu mimi niushinde kwa kidole? Thubutu! Kipimo hiki, mama yangu, ni ubishi. Ukinikubalia, kinanidanganya. Sokoni unabishana na nani?"

"Na muuza nyanya."

"Haya, mimi ndiye muuza nyanya. Nimekupimia mbovu."

Hapo tukaelewana. Nilifunga ngumi, akasukuma, nikamkatalia. Mama yangu mzazi! Maumivu yalitoka pale kwenye kifupa yakapasua mkono mzima, nikapiga ukelele mpaka muuguzi wa chumba cha pili akachungulia. Binti wala hakushtuka. "Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu maumivu yaanze nilisikia machozi yananijia, si ya kuumwa bali ya kuaminiwa. Niseme wazi, nililia.

Akaendelea. Akanilazia mkono mezani, vidole vimenyooka, akasukuma chini kidole cha kati peke yake, niking'ang'ania kukiinua, maumivu palepale. Akaninyoosha kiwiko, akageuza kiganja kitazame chini, akakunja kifundo taratibu mpaka nikasema basi. Akagongagonga kwa kidole ile njia ya ndani ya kiwiko, ile ambayo ukijigonga mlangoni ganzi inakimbia mpaka kwenye kidole cha mwisho. Haikukimbia, akasema huko mshipa wa fahamu hauna neno. Mwisho akaleta kiti cha plastiki.

"Kinyanyue kwa kukishika mgongo wake, kiganja kikitazama chini."

Kiti cha plastiki, jamani! Kile ambacho upepo wa Rungwe unakibeba wenyewe kwenye harusi. Nilishindwa. Akaniambia nigeuze kiganja kitazame juu, nikakinyanyua bila taabu. Nikabaki nacho mkononi namtazama.

Akanieleza kwamba misuli ile inayoinua kifundo imeshikiliwa na kano, na kano zimejifunga kwenye kile kifupa, na kwa kuvutwa kila siku na mkasi zimechoka na kuchanikachanika. Kupumzika mkasi ni lazima, na mazoezi ya polepole ambayo hayana njia ya mkato. Akaniandikia hayo yote kwenye barua nimpelekee nyapara, akaniambia wazungu wanakiita kiwiko cha wacheza tenisi. Niliporudi nyumbani na jina hilo, wifi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nikimwambia anipitishie maji, ananiambia, "Mcheza tenisi, maji hayo."

Lakini barua ya yule binti nyapara aliisukuma pembeni. Shamba linapokea ya daktari wake, basi. Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesoma bango ukutani, na akanikumbusha kwamba wiki ya pili inaisha Jumamosi. Nikajua ni lazima nirudi kwa mzee.

Jioni ile nilimwambia wifi. Utani ukamtoka usoni.

"Utakwenda kusukumana na mzee yule? Yule? Aliyemfumba macho kaka yangu?"

"Nitakwenda."

"Watasema hukulelewa."

"Waseme. Wanaosema ndio watakaonikamulia nguo?"

Akainuka akaenda kuchochea moto. Na mimi nisijifanye shujaa: niliogopa. Nyapara simwogopi, hata mwenye shamba simwogopi. Mzee yule nilimwogopa kwa sababu nampenda. Nilikuwa naona kwamba nikimkazia mkono nitakuwa nimemwambia mbele za watu kuwa alikosea, na wema wake wote kwetu nitakuwa nimeulipa hivyo. Halafu nikafikiria upande wa pili. Nikimwachia karatasi yake ibaki kama ilivyo, Jumamosi mimi si mchumaji tena, na nitakachoitwa ni mtegaji, na mkono ni mbovu vilevile. Nikapiga moyo konde.

Asubuhi iliyofuata benchi la kituo lilikuwa limejaa, wengi wao wachumaji wenzangu, na mlango wa daktari una pazia tu. Zamu yangu ilipofika niliingia, nikapiga goti, nikasalimia kama kawaida. Hilo sikuliacha, na sitaliacha.

"Umerudi, mwanangu? Si nilikuandikia?"

"Uliniandikia, tata. Naomba unipime tena."

"Kuna nini kipya?"

"Hakuna kipya. Siku ile sikuzuia."

Hakuelewa, nikaona machoni. Nikaketi, nikafunga ngumi, nikaiinua mbele yake kabla hajaniambia. Akaweka kiganja chake. Akasukuma kidogo, mkono haukushuka. Akainua nyusi. Akasukuma zaidi, na mimi nikakaza. Mzee ana nguvu, msimwone vile. Kiwiko kilikuwa kinawaka moto, machozi yakanishuka mpaka kidevuni, na sikushuka naye. Tulibaki hivyo, mimi na baba yule, tumeshikana kama watu wanaogombea kitu.

"Inauma, tata!" nikasema, na sauti yangu nyie mnaijua. "Inauma sana! Inauma tangu mvua za mwaka jana!"

Akaachia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Nje ya pazia benchi likalia, watu wanasogea wasikie.

"Bado," nikamwambia. "Kuna kidole cha kati."

Akanipima kidole cha kati. Nikamwambia na kiti, akashangaa, nikasimama nikashika mgongo wa kiti cha wagonjwa kiganja kikitazama chini. Sikukiinua hata inchi. Nikageuza kiganja, nikakiinua, nikakirudisha sakafuni kwa kishindo. Mzee akavua miwani. Alikaa akitazama mkono wangu, kisha wake.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile nilikuwa nakusalimia, tata. Leo ndiyo naumwa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, maana hasira nazijua. Alizeeka pale pale kitini. Akatazama pazia, na upande wa pili wa pazia walikuwako watu wanaosikia kila neno.

"Wangapi?" akaniuliza polepole. "Hawa wachumaji. Wangapi wamenipisha?"

Moyo uliniuma kuliko kiwiko. Ningeweza kumwambia kidogo tu, tata. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi sijui, tata," nikasema. "Karatasi zao umeziandika wewe."

Akavaa miwani, akachukua karatasi mpya. Aliandika taratibu na akawa anasoma kwa sauti kadiri anavyoandika, na nadhani hakuwa ananisomea mimi peke yangu: kwamba kiwiko cha kulia kina maradhi ya kazi, kwamba nisishike mkasi, kwamba nipelekwe kitaluni kuanzia kesho, na kwamba karatasi ya kwanza ilikosewa. Akapiga mhuri. Akanyanyuka kitini, jambo ambalo hafanyi, akafungua pazia na kunikabidhi pale mlangoni, benchi zima likitazama.

Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Mama mmoja kwenye benchi akaguna, mwingine akafunika mdomo kwa kanga. Mzee aliutazama mkono ule, halafu akanitazama mimi. Sikuomba radhi. Wa kulia ulikuwa unauma.